Sahani ya Baba
(Maneno yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi wa kata, siku ya kliniki ya kisukari na shinikizo la damu)



Habari za dawa na vipimo amekwisha kuzieleza Mganga. Mimi nitasema juu ya nyumbani, mahali ambapo mwenye maradhi ya kudumu huishi siku zote zisizo za kliniki.

Baba yangu aligundulika kuwa na kisukari nikiwa kidato cha pili. Kabla ya hapo alikuwa seremala na msuluhishi wa mtaa mzima. Baada ya hapo akawa "mgonjwa". Tulimhesabia vipande vya muhogo, tukamwondolea kikombe cha chai mbele ya wageni, tukanong'ona juu ya ada iliyoishia kwenye dawa. Tulidhani tunamtunza. Naye akaanza kula kwa kificho, kisha akaacha kliniki miezi minne, hata kidonda cha mguu kikamrudisha.

Aliyetusaidia alikuwa ofisa ustawi wa jamii. Alituketisha sote, wala hakuuliza nani mkosaji. Aliuliza: "Huyu Kisukari alipoingia humu ndani, alichukua nini, na kwa nani?" Mama akasema amechukua usingizi wake. Mimi nikataja ada. Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Amechukua neno langu. Siku hizi nikisema, mnatazama sahani yangu."

Hatukuwa tumewahi kulisikia hilo.

Baadaye nilijifunza kwamba njia ile ina waasisi wake: Michael White wa Adelaide, Australia, aliyekuwa naye mtu wa ustawi wa jamii, na David Epston wa New Zealand, walioieleza katika kitabu chao cha mwaka 1990. Tatizo hutengwa na mtu, likapewa jina, ili familia nzima isimame upande mmoja kulikabili. Kisha hutafutwa visa ambavyo ugonjwa haukutamalaki, hata viwe vidogo, vikasimuliwa mbele ya mashahidi. Kwetu kilipatikana kisa cha harusi ya shangazi, ambapo baba alirudisha soda bila kuambiwa na mtu. Sote tulikuwapo, na hakuna aliyekitia maanani.

Barani kwetu, Ncazelo Ncube wa Zimbabwe, akishirikiana na David Denborough, alibuni Mti wa Maisha kwa ajili ya watoto walioathiriwa na UKIMWI: mizizi ni asili ya mtoto, shina ni uwezo wake, matawi ni matumaini, majani ni watu wake. Wazee watasema kikao cha ukoo kilikuwapo kabla ya vitabu. Ni kweli; ila vikao vyetu vingi humketisha mgonjwa kama mshtakiwa.

Mazungumzo haya hayashushi sukari wala presha. Asiwepo wa kuacha vidonge au insulini kwa sababu yake.

Anayehitaji kikao cha namna hii amwone Mganga Mfawidhi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, aunganishwe na ofisa ustawi wa jamii. Aje na wale anaoishi nao, hata yule wasiyesemezana.

Baba alipoteza vidole viwili vya mguu. Kliniki huenda mwenyewe sasa, na majirani wamerudi kumletea kesi zao. Sahani yake hatuitazami tena, ingawa mama, nakiri, bado huchungulia.