Ushahidi wa Mtaalamu na Mkono Unaomlisha

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu mliohudhuria hapa Mjimwema, nanyi mnaotusikiliza majumbani na mabwenini, aya ya 135 ya Suratun-Nisaa tumezoea kuisoma tukimfikiria kadhi na mashahidi wake. Leo tunapenda kumfikiria mtaalamu wa sayansi, kwani naye ni shahidi. Ameona kwa darubini yake jambo tusiloliona, nasi twamsadiki kwa kuwa hatuna njia ya kwenda kujionea.

Basi shahidi huyu analishwa na nani? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Tumbaku ya moshi ni zao la zamani katika nchi hii ya Songea na Namtumbo. Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo kilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili yake, na wapo waliosomeshwa kwa fedha yake. Mwaka 1950 wataalamu wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walieleza uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Makampuni makubwa ya sigara ya Marekani yalifanya nini? Mwezi wa Januari 1954 yalitangaza katika magazeti mengi kwamba yataunda kamati ya utafiti, na yakailipia. Fedha ile haikutafuta jawabu. Ilinunua shaka, ili mvutaji aambiwe kila mwaka kwamba wataalamu bado hawajakubaliana. Ilipofika mwaka 2006, hakimu Gladys Kessler wa Washington alihukumu kwamba makampuni yaliwahadaa watu kwa miongo mingi. Wangapi walikuwa wamekwisha zikwa!

Siasa nayo ina mkono wake. Mwezi wa Desemba 2016, Dkt. Mwele Malecela, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, alitangaza kwamba katika watu 533 waliopimwa, 83 walionekana kuwa na maambukizi ya zika. Serikali ikasema hakuna mlipuko wa zika nchini. Kauli hizi mbili zingeweza kukaa pamoja, maana kukuta maambukizi si sawa na kutangaza mlipuko. Lakini haikupita wiki, Rais Magufuli akamwondoa katika wadhifa wake. Baadaye alitumikia Shirika la Afya Duniani, akafariki mwezi wa Februari 2022. Sisi hatukai hapa kuwahukumu marehemu. Hesabu yao iko kwa Mola wao. Tunachouliza ni hiki: mtafiti kijana aliyeyaona hayo, siku akipata jibu lisilopendeza, atalisema?

Kisha ikaja korona. Takwimu za wagonjwa zilikoma mwaka 2020, zikiwa 509, na vifo 21. Mwezi wa Mei tukaambiwa kwamba sampuli za mbuzi na papai zimeonyesha ugonjwa, na mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Je, moyo wa raia hugeuzwa kwa siku moja kama ukurasa? Tuliwasikia watu wakisema, "Jana mlisema hivi, leo mwasema vile." Nasi tunaosema nanyi tulisita. Na shaka ile haikubaki kwenye korona. Ilimfuata hata mama aliyempeleka mtoto kupata chanjo ya surua, ambayo imejulikana kwa miaka mingi.

Hapo ndipo tunapoogopa zaidi. Aliyedanganywa mara moja huona kwamba kutosadiki chochote ndiyo werevu, akamwacha daktari na kumfuata mwuza dawa wa sokoni, ambaye naye hamwulizi analipwa na nani. Lakini uwongo wa sigara haukufichuliwa na wachuuzi. Ulifichuliwa na wataalamu wengine waliorudia kupima, na na nyaraka za makampuni zilizofikishwa mahakamani.

Basi nyinyi wanafunzi, msomapo habari ya utafiti, tazameni ni nani aliyeulipia, na kama wengine wasiolipwa naye wamepima wakakuta vilevile. Nanyi wazazi, muulizeni mganga wa kituo bila ya haya, naye asikasirike kuulizwa.

Twasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu.