Mwakani Haifiki

Jumapili ya 2 ya Mwaka C



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Jumapili hii, Yohane 2:1-11, yatupeleka Kana ya Galilaya, kwenye harusi iliyokaribia kugeuka fedheha. Divai imekwisha, na wageni wangali wameketi. Mwinjili hatutajii jina la bwana arusi wala la bibi arusi. Atuambia tu kwamba Mama wa Yesu aliuona upungufu ule, akamwarifu Mwanawe, akawaagiza watumishi wamtii. Naye Yesu hakumkaripia mwenye harusi kwa kukosea hesabu. Aliamuru mitungi sita ya mawe ijazwe maji, nao watumishi wakaijaza hata juu. Kwa neno la Bwana, na kwa jasho la wabeba maji, aibu ya nyumba ile iliondolewa.

Tuitafakari aibu hiyo, kwa maana ndiyo inayowazuia wengi wetu hapa kisiwani Pemba wasiikaribie altare kufunga ndoa.

Sisi Wakatoliki wa Pemba tu wachache, na walio wengi asili yao ni bara: walimu, askari, wafanyabiashara, vibarua. Kati yao na koo zao ipo bahari. Kijana afanyaye kazi Wete au Chake Chake, na kwao ni Songea au Kigoma, anapofikiri kuoa, huhesabu mahari, nauli ya wazee, suti, shela, keki, ukumbi na chakula cha wageni. Akiisha kuhesabu, humwambia mwenzake: “Tuanze maisha kwanza, kanisani tutakwenda mwakani.” Msimu wa karafuu huja na kupita. Mtoto wa kwanza huzaliwa, na wa pili humfuata. Mwakani haifiki.

Wakati huo huo hasara inaendelea. Mama yule anaongoza rozari katika jumuiya, anafagia kanisa, anawapeleka watoto wake kwenye mafundisho. Lakini saa ya Komunyo husalia katika benchi, Jumapili baada ya Jumapili. Na siku mume akifariki dunia, huenda ndugu wakavuka bahari, wakasimama mlangoni na kuuliza: “Huyu naye ni nani?” Mwanamke aliyeuguza na kulea hana cha kujibu.

Ndugu zangu, harusi ni jambo jema, lakini harusi siyo ndoa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1057, yafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya hao wawili, na ridhaa hiyo hakuna mwanadamu awezaye kuitoa badala yao. Kanuni ya 1108 yadai itolewe mbele ya Askofu au paroko, au aliyepewa mamlaka hayo, pamoja na mashahidi wawili. Hakuna kanuni idaiyo keki. Majirani zetu Waislamu hutukumbusha jambo hili kila mara: nikahi hufungwa kwa maneno machache mbele ya mashahidi, na karamu, iwe kubwa au ndogo, hufuata nyuma.

Ndiyo maana ndoa za pamoja zina maana kubwa katika parokia kama zetu. Wachumba watano au kumi wanafundishwa pamoja, wanatangazwa pamoja, na wanafunga ndoa katika Misa moja. Karamu ni moja: jumuiya hii inaleta mchele, ile inaleta samaki, nyingine kuni na sufuria. Mwaka 1976 Maaskofu wa Afrika Mashariki walisisitiza kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa. Basi kwa mtu aliye mbali na ukoo wake, jumuiya iwe ukoo. Wasimamizi watoke humo, na wazee wa jumuiya wawaandikie wazazi walio bara ili baraka yao ipatikane hata kama nauli haikupatikana.

Hata hivyo yatupasa tuangalie. Mchungaji asitamani wingi. Padre hauulizi umati. Huwauliza wawili, kisha wawili wengine, na kila mmoja hujibu kwa kinywa chake. Kuishi pamoja miaka kumi hakumfungi mwanamke kusema ndiyo; ana haki ya kusema hapana, na asikilizwe faraghani mapema. Hati za ubatizo ziombwe kutoka parokia za bara mapema, ili ijulikane kama yupo aliyekwisha kufungwa na ndoa nyingine. Na pale ambapo mmoja hakubatizwa, kama itokeavyo kisiwani humu, jambo hilo lipelekwe kwa Askofu kuomba ruhusa, bila siri na bila kumshurutisha mtu aiache dini yake. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya familia, aliwataka wachungaji wawaendee wanaoishi bila ndoa kwa busara na heshima, wakijua sababu za kila mmoja. Tusiwavue watu kwa wavu. Tuwaite kwa majina.

Wapo wanaonong’ona kwamba ndoa za pamoja ni harusi za maskini. Tarehe 14 Septemba 2014 Papa Fransisko aliwafungisha ndoa wachumba 20 wa Jimbo la Roma katika Basilika la Mtakatifu Petro, na baadhi yao walikuwa tayari wakiishi pamoja. Walisimama pamoja mbele ya altare moja, na hakuna aliyepungukiwa neema kwa sababu ya wingi wao.

Lakini mnong’ono huo una dawa iliyo karibu zaidi. Ninyi mlio na uwezo, mnaoweza kulipia ukumbi na magari, ingieni katika safu ile ile. Binti wa karani mkuu asimame karibu na binti wa mchuma karafuu, na mchango mliouweka kwa ajili ya wageni wenu uwalishe wageni wa wote. Hapo hakuna atakayejua ni nani aliyekuwa hana.

Nanyi mnaosubiri mwakani, nendeni wiki hii mkamwone mwenyekiti wa jumuiya yenu. Msiogope kwamba divai haitoshi. Mungu, aliye mwaminifu katika agano lake, azibariki nyumba zenu. Amina.