Mteja Anapovunja Mkataba

Hotuba ya Mweka Hazina katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Walionitangulia wamewaeleza habari za pamba na za ghala letu jipya. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo lisilopendeza sana siku ya sherehe, yaani madeni. Sikusudii madeni ya wanachama. Hayo twayajua, na wenye kudaiwa naona wameanza kutazama chini. Nakusudia mteja anayetupa kazi kwa mapatano, kisha akayavunja kabla kazi haijaisha.

Wengi wenu mwakumbuka msimu ule wa kwanza wa trekta letu. Mwenye shamba mmoja, asiye mwanachama, alipatana nasi tumlimie ekari 40. Tulipomaliza ekari 15 alimwambia dereva wetu aondoke, kwa kuwa amepata mwingine wa bei nafuu. Kamati ilikutana usiku uo huo. Baadhi yetu, nami nikiwa mmojawapo, tukaamuru trekta likae pale pale kando ya shamba mpaka yule bwana atakapolipa ekari zote 40. Likakaa siku tisa. Mvua ikanyesha, na majirani waliokuwa wakituomba tuwalimie wakaenda kuazima plau za ng'ombe.

Tulidhani twailinda haki yetu, kumbe twaipunguza. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya mwaka 1872, yaeleza katika kifungu cha 73 kwamba aliyevunjiwa mkataba hulipwa hasara iliyotokea kwa mwendo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu walipopatana kwamba yaweza kutokea. Hasara ya mbali hailipwi. Tena, katika kuikadiria hasara hutazamwa pia njia aliyokuwa nayo mdai ya kuipunguza. Basi zile siku tisa zilikuwa mzigo wetu wenyewe.

Natoa hesabu, na bei ni za mfano tu. Tuseme ekari moja ni shilingi 60,000. Ekari 15 zilizolimwa ni shilingi 900,000, na hizo ni deni kamili. Ekari 25 zilizobaki zingeleta shilingi 1,500,000. Lakini dizeli na posho ambazo hatukuzitumia, tuseme shilingi 900,000, lazima ziondolewe. Yabaki faida ya shilingi 600,000. Na kama siku zile zile trekta lingelima kwa jirani na kupata faida ya shilingi 500,000, dai letu juu ya zile ekari 25 lingekuwa shilingi 100,000 pamoja na gharama ya kulihamisha. Mtaniuliza, kuna faida gani basi kujisumbua? Faida ni kwamba zile 500,000 zingekuwa mkononi msimu ule ule, bila wakili wala kesi.

Mjumbe mmoja alishauri tuandike katika kila mkataba kwamba mvunjaji atalipa shilingi milioni kumi. Kuandika si vibaya, ila kifungu cha 74 humpa mdai fidia ya haki tu, isiyozidi kiasi kilichoandikwa. Kutisha kwa tarakimu kubwa hakumtii mtu hofu ikiwa ana wakili.

Kwenye mashine yetu ya kukoboa mpunga mambo ni mepesi zaidi. Aliyetia kazi na ustadi wake katika mali ya mtu aliyokabidhiwa aweza, pasipo mapatano ya kinyume, kuizuia mali hiyo mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo. Lakini kuzuia si kuuza. Karani yeyote asije akauza mchele wa mtu kwa kujilipa. Shamba lililolimwa, kwa upande mwingine, halibebeki kurudishwa ghalani. Kwa hiyo kazi ya trekta yahitaji arbuni kabla ya kuwasha mashine, na malipo kwa kila ekari kumi.

Sasa nikiri kosa letu kubwa zaidi. Mapatano yale yalikuwa karatasi moja, nayo ilikuwa na jina la dereva. Chama kilichoandikishwa, kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, ni mtu mbele ya sheria: chaweza kupatana, kudai na kudaiwa kwa jina lake. Wakili wa yule bwana alijibu kwamba mteja wake hakijui Chama Kikuu chochote. Muda wa kufungua dai la mkataba ni miaka sita, lakini yule dereva, shahidi wetu wa pekee, alihamia mkoa mwingine kabla ya mwaka kwisha.

Mwishowe tulilipwa zile ekari 15, kwa mafungu mawili, baada ya barua ya madai na kikao mbele ya wazee. Zile 25 tuliziacha.

Msimu wa pili yule bwana alirudi kuomba trekta. Kamati ilibishana tangu asubuhi hadi adhuhuri. Akakubaliwa, kwa arbuni ya nusu na mkataba wenye jina na muhuri wa Chama, ulioeleza idadi ya ekari na notisi ya siku saba. Alilimiwa ekari zote 40, akamaliza kulipa siku ile trekta lilipotoka shambani.