Sema Kwanza Unachotaka

Juma hili nakuomba twende sote Mgololo, wilayani Mufindi, kwenye kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills, kikabinafsishwa, na sasa kinaitwa Mufindi Paper Mills. Hatuendi kununua karatasi. Kazi ya karatasi itatufundisha namna ya kusema mbele ya wakubwa wa kazi.

Katika kazi hiyo vipande vya miti hupikwa kwa kemikali mpaka vinakuwa rojo. Maji meusi yanayobaki huchomwa ndani ya boila maalumu ili kupata mvuke na kuiokoa kemikali itumike tena. Chini ya boila hujikusanya kemikali iliyoyeyuka, mfano wa uji wa moto. Bomba likitoboka, maji yakaufikia uji ule, boila yaweza kulipuka na kuua watu.

Sasa tuseme wewe ni fundi katika kiwanda chochote cha namna hiyo. Boila imezimwa kwa usafi, itawashwa kesho. Umepima mabomba, ukakuta sita yamelika kupita kiasi kinachoruhusiwa. Umeitwa kwenye kikao cha asubuhi, umepewa dakika tano. Meneja ana oda ya mteja mezani. Mhasibu anahesabu hasara. Utaanzaje?

Wengi wetu tungeanza mbali. "Kamwene, wakubwa. Kama mnavyofahamu, boila hii ilifungwa zamani..." Kisha historia, kisha vipimo vyote, kisha lawama kwa watu wa stoo. Dakika ya tano simu inalia, meneja anasema, "Tumekusikia, ahsante." Kesho boila inawashwa.

Usidhani ni hadithi ya kutunga tu. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, huko Marekani, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol walizungumza kwa simu na wakubwa wa NASA, wakashauri chombo cha Challenger kisirushwe kwenye baridi kali, kwa kuwa mipira ya kuzibia maungio ya roketi ingekakamaa. Hoja yao ilikuwa ya kweli. Lakini michoro yao iliandaliwa kwa haraka, na hakuna mmoja ulioweka pamoja safari zote na hali ya joto ya kila safari. Wakaambiwa ushahidi hautoshi, na wakubwa wao wenyewe wakageuza ushauri. Kesho yake chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu saba.

Lawama kubwa ni ya waliokataa kusikia. Hata hivyo fundi ana la kujifunza: kuwa na haki ni jambo moja, kueleweka ni jambo jingine.

Basi anza na ombi. "Shikamooni, wakubwa. Naomba boila isiwashwe kesho. Tupewe siku tatu tubadili mabomba sita." Adabu imetimia, na kila mtu ameshajua unataka nini. Pili, toa kipimo kimoja: unene uliopo, na unene unaotakiwa. Tatu, taja gharama ya pande zote mbili, maana mhasibu atauliza tu. Afadhali aisikie kwako. Kabla ya kikao pita stoo ujue mabomba yapo mangapi. Na usiku ule jaribu maneno yako kwa mtu asiye fundi, hata mama watoto nyumbani. Asipoweza kulirudia ombi lako kwa sentensi moja, bado hujawa tayari.

Mwisho, nyamaza usubiri uamuzi. Usiku ule wa 1986 aliyeogopa ndiye aliyedaiwa uthibitisho, aliyetaka kuruka hakudaiwa kitu. Nawe ukikataliwa, usikasirike. Sema kwa upole, "Wakubwa, naomba basi iandikwe katika muhtasari kwamba vipimo tumeviona, na tumeamua kuwasha." Kalamu ya katibu inapoinuka, wengi hukumbuka kuuliza tena.

Na wewe mkubwa unayesikiliza, usimhukumu fundi kwa kigugumizi chake. Muulize swali moja tu: "Unataka tufanye nini?"

Hadi juma lijalo, kwaheri.