Vioo Viwili na Kahawa Yetu

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya wakulima wa kahawa)

Chombo hiki mezani tumekiazima, kwa hivyo watoto wakae mbali kidogo! Kinaitwa saifoni, ni cha kupikia kahawa. Kilianza Ujerumani miaka ya 1830, na miaka ya 1840 mama mmoja wa Lyon, Ufaransa, Bi. Vassieux, akakitengeneza vizuri zaidi. Siku hizi kinapendwa sana Japani.

Tazameni. Kioo cha chini kina maji, na chini yake taa ya spiriti. Cha juu kina kitambaa cha kuchujia, na mrija unaoshuka hadi ndani ya maji. Maji yakipata moto, mvuke unajaa, unakosa pa kutokea, basi unayasukuma maji yapande mrijani. Yakishapanda tunatia kahawa iliyosagwa, tunakoroga, tunangoja kama dakika moja. Halafu tunaondoa moto.

Hapo ndipo watu hushangaa: kahawa inarudi chini yenyewe! Si uchawi, jameni. Chupa ya plastiki ukiisuuza kwa maji moto ukaifunga, si ikipoa inabonyea? Mvuke umegeuka kuwa maji, ndani nguvu imepungua, na hewa ya nje inasukuma. Kioo hakibonyei, kwa hivyo hewa inaisukuma kahawa ipite kwenye kitambaa, machicha yabaki juu.

Hatusemi kikundi kinunue. Kioo huvunjika, na sufuria na kitambaa safi vyatosha. Tumekileta kwa sababu hii: anayepika hivi mara nyingi hunywa bila maziwa wala sukari. Anataka ladha ya kahawa yenyewe. Tukichanganya matunda mabichi kwenye debe ili lijae haraka, yeye ataonja ule ukali unaokausha ulimi. Kikombe chake hakifichi kitu.

Na sisi je? Wangapi hapa wamelima kahawa miaka ishirini na hawajaonja ya shamba lao? Anayeuza asichokijua huambiwa bei na wengine.

Basi kila kikundi kijaribu. Kaangeni konzi ya kahawa iliyotokana na matunda mekundu matupu, na konzi ya mchanganyiko. Pikeni mbalimbali, mwonje, mjadiliane.

Sasa karibuni mezani. Vikombe vya kwanza wapewe akina mama wanaochuma.