iPhone Kwenye Linux: Kujua Ilipokwama Kabla ya Kusakinisha Upya



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi za mtumba tunazozihudumia sisi mafundi hazikubaliwi na Windows 11, ama kwa sababu hazina chipu ya TPM 2.0, ama kichakataji chake ni cha zamani mno. Baadhi ya wenye kompyuta hizo wamehamia Linux, na hawakukosea. Barua pepe zinafunguka, nyaraka zinaandikika, printa inachapa. Shida inajitokeza mwenye iPhone anapochomeka waya ili ahamishe picha zake. iTunes aliyoizoea haipo, kwa kuwa Apple haijawahi kuitengeneza kwa ajili ya Linux.

Ninachotaka kutetea leo ni kwamba kazi hii inafanyika, tena bila kuvunja ulinzi wa simu, mradi fundi ajue data inapita wapi tangu inapotoka kwenye simu mpaka inapofika kwenye folda. Asiyejua njia hiyo atafuta na kusakinisha upya kutwa nzima, na atakapofanikiwa hatajua ni kitu gani kilichomsaidia.

Njia ilivyopatikana

iPhone ya kwanza ilianza kuuzwa Marekani mwezi Juni 2007. Mwaka huohuo Matt Colyer alianzisha mradi ambao leo unaitwa libimobiledevice. Baadaye wakajiunga wengine, wakiwemo Nikias Bassen na Martin Szulecki, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2010. Hawakupewa kitabu cha maelezo na Apple. Walisikiliza mazungumzo kati ya iTunes na simu yakipita kwenye waya wa USB, wakalinganisha kila ombi na jibu lake, kisha wakaandika programu yao wenyewe inayozungumza lugha hiyohiyo. Kazi ya namna hiyo inadai subira kubwa. Binafsi naihesabu miongoni mwa kazi bora za kiungwana zilizofanywa na watu wa programu huria, maana walionufaika nayo hawakuombwa hata senti.

Kisheria haikuwa shwari. Novemba 2008 mawakili wa Apple waliitaka tovuti ya BluWiki iondoe kurasa ambamo watu walijadili namna ya kuzifanya iPod na iPhone zifanye kazi na programu nyingine. Aprili 2009 shirika la Electronic Frontier Foundation likaenda mahakamani kuitetea tovuti hiyo, na Julai Apple ikaondoa madai yake. Mahakama haikufika kwenye hukumu, kwa hiyo tusidai kwamba swali lote lilijibiwa. Hata hivyo kurasa zilirudi.

Mwaka huohuo kampuni ya Palm ilipita njia nyingine. Simu yake ya Palm Pre ilijitambulisha kwa iTunes kana kwamba ni iPod. Julai 2009 toleo la iTunes 8.2.1 likaifungia nje. Palm ikarekebisha, ikafungiwa tena, na chombo kinachosimamia kanuni za USB kikaikemea Palm kwa kutumia namba ya utambulisho isiyo yake. Kuna tofauti kubwa hapa. Palm ilijenga huduma yake juu ya jina la mwingine. Libimobiledevice haihitaji iTunes iwepo. Inaongea na simu moja kwa moja, na simu inajibu baada ya mwenyewe kuruhusu.

Data inapita wapi

Kwanza ni waya. Kuna nyaya zinazopitisha chaji tu. Andika amri ya lsusb. Usipoona kifaa cha Apple, chenye namba ya mtengenezaji 05ac, badilisha waya au tundu kabla ya kugusa programu yoyote.

Pili ni usbmuxd, iliyoandikwa awali na Hector Martin. Programu hii hukaa kimya nyuma ya pazia na kuwezesha mazungumzo mengi kupita kwenye waya mmoja bila kuchanganyikana. Ikiwa haijaamka, lsusb itaiona simu lakini amri ya idevice_id -l haitaonyesha kitu. Hapo ndipo pa kuangalia, si kwingine.

Tatu ni kuaminiana, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Ndani ya simu kuna huduma iitwayo lockdownd, inayosikiliza kwenye mlango namba 62078. Huyu ni bawabu: kila anayetaka kuingia lazima apite kwake. Mara ya kwanza kompyuta na simu hupeana funguo na vyeti, na kompyuta huhifadhi kumbukumbu hiyo ndani ya folda ya /var/lib/lockdown. Zamani uoanishaji huu ulifanyika kimyakimya. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha Georgia Tech, katika mkutano wa Black Hat, walionyesha chaja waliyoiita Mactans ambayo kwa ndani ilikuwa kompyuta ndogo. Mtu akichaji simu, chaja inaoana nayo na kupachika programu hasidi. iOS 7 ikaja na swali tunalolijua sote, kama unaiamini kompyuta hii. Kuanzia iOS 11 jibu la ndiyo linadai pia namba ya siri. Na tangu iOS 11.4.1 ya Julai 2018, simu iliyokaa imefungwa zaidi ya saa moja huzuia data kwenye waya mpaka ifunguliwe.

Kwa hiyo anza kwa kuifungua simu na kuiacha wazi mbele yako. Andika idevicepair pair, mwache mwenye simu akubali kwenye kioo, kisha uthibitishe kwa idevicepair validate. Kama simu iliwahi kuoana na kompyuta hiyo kabla simu yenyewe haijafutwa na kuwekwa upya, kumbukumbu za pande mbili hazitalingana. Tumia idevicepair unpair, uanze tena. Kama bado inagoma, angalia umri wa programu. Matoleo ya Ubuntu na Debian yanayodumu miaka mingi hubaki na libimobiledevice ya siku yalipotoka, ilhali simu inaendelea kupokea iOS mpya. Mara nyingi dawa ni kujenga toleo jipya kutoka kwenye msimbo wake, pamoja na maktaba zinazoandamana nalo. Ukijenga moja na kuacha nyingine za zamani, unaongeza tatizo.

Nne ni huduma zenyewe. Kwa picha, ifuse hupachika hifadhi ya simu kama folda ya kawaida, na picha zimo ndani ya DCIM. Kabla ya kumwambia mteja kwamba zimekwisha, angalia mipangilio ya iCloud: kama simu imewekwa ipunguze nafasi, picha halisi zinaweza kuwa mtandaoni na kwenye simu zimebaki nakala ndogo. Picha za HEIC, zilizoanza na iOS 11, zinahitaji maktaba ya libheif ili zifunguke.

Muziki nashauri tuuache. Kunakili faili hakutoshi, kwa kuwa programu ya muziki ya simu husoma hifadhidata yake na si folda, na Apple imebadilisha mara kwa mara alama ya uthibitisho ya hifadhidata hiyo. Programu ya VLC, ambayo ina folda yake inayofikika, inamaliza haja hiyo bila mapambano.

Nakala rudufu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote. Amri ya idevicebackup2 inafanya kazi hiyo. Nakala iliyosimbwa kwa nenosiri huchukua pia manenosiri na taarifa za afya, isiyosimbwa huyaacha. Lakini nenosiri la nakala iliyosimbwa likipotea, nakala hiyo haifunguki, hivyo mteja alichague na kuliandika mwenyewe.

Mashine ya karakana

Kumbukumbu ya uoanishaji inayobaki kwenye kompyuta ya fundi ni ufunguo wa simu ya mtu. Anayeiiba kompyuta hiyo ameiba pia ruhusa waliyoitoa wateja, nao hawajui kama ruhusa hiyo bado ipo. Napendekeza semina hii ikubaliane juu ya utaratibu mmoja: kila kazi ikiisha, idevicepair unpair iendeshwe waya ungali umechomekwa na mteja anatazama, na nakala yoyote ya data yake ihamie kwenye diski yake kabla hajaondoka. Karakana zenye kompyuta zaidi ya moja zitenge moja ya kazi hii, diski yake isimbwe, na mwanafunzi asiguse simu ya mteja mpaka aweze kueleza kwa maneno yake lockdownd inafanya nini.