Hofu ya Kuhamishwa na Hasira za Kisiasa: Mfano wa Soweto East, Kibera



Fujo zikizuka Kibera, Nairobi, maelezo huwa ni ukabila, na mjadala huishia hapo. Mimi naomba tuanzie mlangoni kwa mama anayekaanga mandazi alfajiri Soweto East. Chumba chake ni cha mabati, karai liko kizingitini, na daftari la wanaokula kwa deni amelifutika kwenye kanga. Mwambie atahamia ghorofa ya nne, apate choo cha ndani na maji ya mfereji. Atashukuru, kisha atauliza: karai nitaliweka wapi?

Swali hilo ni la siasa, hata kama halitaji chama.

Mwaka 2001 Rais Moi na Raila Odinga, waziri wake wakati huo, walisema hadharani kwamba kodi za Kibera zimezidi. Wapangaji wengi wakakataa kulipa kodi ya zamani, wenye nyumba wakakataa kupunguza. Wapangaji wengi walikuwa Waluo, na miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo Wanubi, wajukuu wa askari waliowekwa pale na Waingereza. Ugomvi wa kodi ukageuka vita vya makabila, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Tuutazame mpangilio huo vizuri: kodi ilitangulia, kabila likafuata. Mwenye nyumba aliogopa kupoteza riziki, Mnubi aliogopa kupoteza ardhi ya babu zake, mpangaji aliogopa kutupwa nje. Hakuna aliyekuwa na hofu ya bure.

Mpango wa serikali na UN-Habitat wa kuboresha makazi ulizikuta hofu hizo zikiwa bado mbichi. Septemba 2009 wakazi wa Kanda A ya Soweto East walipelekwa Lang'ata kungoja nyumba mpya, familia zikishirikiana jiko na choo. Kesi za waliopinga ubomoaji zikachelewesha ujenzi. Nyumba 822 zilikabidhiwa Julai 2016, karibu miaka saba baadaye. Mtoto aliyeondoka akiwa darasa la kwanza alikuwa amemaliza la saba.

Katika miaka kama hiyo uvumi hupata nafasi: nyumba zimeuzwa, majina yamebadilishwa, watu fulani wamependelewa. Mwanasiasa hana haja ya kutunga chuki; huipa jina la jirani hofu iliyokwishakuwapo. Na Julai 2018, tingatinga zilipobomoa nyumba na shule ili barabara ipite Kibera, hata waliokuwa wakitetea maendeleo walikosa la kusema.

Sikubali kwamba watu hawa wanachukia mabadiliko. Wanaogopa mabadiliko yanayoamuliwa bila wao.

Kwa hiyo naiomba serikali, kabla ya bati lingine lolote kung'olewa Soweto East: orodha ya majina ya watakaopewa nyumba ibandikwe kwa chifu, kodi iandikwe na ijulikane, na ghorofa ya chini itengewe akina mama wenye makarai.